Punje Tano za Kahawa na Mji wa Baharini

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na saba, shida ilinishika shingo. Nyumba yetu ya mlimani iliungua katika vurugu za wakati ule, baba akafa kabla ya mavuno, mimi nikateremka bondeni na blanketi moja na panga moja. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili. Nalisema hilo bila aibu. Wengi walionizidi darasa nimewasagia mahindi yao.

Sasa ninyi vijana. Wewe Biira, mjukuu wangu, na wenzako mnaokutana Kasese kila Jumamosi kucheza ule mchezo wenu wa hadithi. Mlikuja kwangu na daftari mkanieleza: mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mtu wake ndani ya hadithi, anasema mtu wake anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Mji wenu uko katikati ya bahari, miaka elfu moja mbele, na umeme wake unatoka kwenye mawimbi. Mkataka mimi, fundi wa maji, niseme kama uko sawa.

Nikawauliza nani anaondoa uchafu kwenye mashine. Mkatazamana. Nikauliza nani anapaka grisi. Mkacheka. Basi nikajua mji wenu hauna watu wa kazi, una watu wa kutembea tu na bunduki za taa. Mji wa namna hiyo unasimama wiki moja, wiki ya pili uko gizani. Ndiyo maana naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ninyi wenyewe ni mchanganyiko, Wakonzo, Waganda na wale wa kwao Butembo, na Kiswahili ndicho tulichosema kwenye kinu cha maji nilikofanya kazi.

Tena msidhani mchezo huo umeletwa na simu. Sisi tuliucheza Bwera mwaka 1967, kwa punje tano za kahawa.

Kinu kilikuwa cha Haji Sulaiti, Muganda, mtu wa malori, aliyenunua kahawa kutoka Nyakiyumbu mpaka mpakani. Kilikuwa kando ya mto Lhubiriha. Kilikoboa kahawa na kusaga mahindi, na nguvu yake ilikuwa gurudumu la chuma lenye vikombe, refu kuliko watu wawili, lililokaa ndani ya shimo la mawe chini ya sakafu. Juu mtoni tulikuwa na kizuio na bwawa dogo. Maji yalitoka hapo, yakapita kwenye mfereji, yakachujwa na vyuma vilivyosimama kama meno, na sisi tuliviita meno. Halafu yakaanguka juu ya vikombe, gurudumu likazunguka, mkanda ukavuta mashine, na maji yakatoka kwa mfereji wa chini kurudi mtoni. Hiyo ndiyo njia yote. Ikariri, maana hadithi nzima imo humo.

Mimi nilifika pale baada ya mwaka mmoja wa kubeba mizigo ya Wazungu wapanda mlima kule Nyakalengija. Haji aliniuliza najua nini. Nikasema najua kubeba. Akanipa kazi ya meno: kusimama na reki ndefu, kuvuta majani, matawi, siku nyingine mbwa aliyekufa. Kazi ya mwisho kabisa pale. Niliifanya kama ni ya kwanza.

Aliyenifundisha ni Paluku. Alikuwa Mukongomani wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa rozari mfukoni, aliyevuka mpaka wakati wa vita vya kwao. Alikuwa fundi wa kweli. Wabelgiji walimfundisha mashine za maji, na ujanani walimpeleka mpaka mwisho wa nchi, pale mto mkubwa unapoingia baharini, kufunga mitambo ya bandari. Haji alimpa kibanda nyuma ya kinu, na kibanda hicho ndicho kilikuwa nyumba yake, karatasi yake na nchi yake. Angetoka pale, alikuwa wa kambi ya wakimbizi.

Paluku hakufundisha kwa maneno. Siku moja grisi iliisha, yeye hayupo, nami nikajaza mawese kwenye beringi. Mafuta ni mafuta, nilifikiri. Beringi ikapata moto, kinu kizima kikanukia kama jiko la sikukuu, wateja wakaanza kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Paluku alirudi, akanusa, akanipa kitambaa na kuniacha nisafishe kila kitu siku mbili. Alipokuja kukagua alisema tu kwamba sasa najua beringi iko na sehemu ngapi. Kweli nilijua. Najua mpaka leo.

Sasa mchezo. Wakati wa kiangazi mto unakonda. Bwawa letu lilikuwa likitoa maji ya kukoboa kwa saa mbili, kisha tunafunga na kusubiri lijae. Katika kusubiri huko Paluku alianza kutusimulia bahari. Alisema ile maji inapanda yenyewe na kushuka yenyewe, mara mbili kwa siku, bila mvua. Hatukuamini. Asumani, dereva wa lori la Haji, alisema hata Wabelgiji hawawezi kumlipa mtu mshahara kwa uongo kama huo. Basi siku moja Paluku alileta gazeti la Kifaransa lililokuja limefunga sabuni. Lilikuwa na picha: Wafaransa wamejenga ukuta kwenye mdomo wa mto, bahari ikipanda inapita ndani ya ukuta na kuzungusha mashine, ikishuka inazizungusha tena. Alitusomea polepole, akitafsiri. Sisi wenye gurudumu moja la kuomba mvua, tulielewa picha ile kuliko mtu yeyote Bwera.

Hapo ndipo tulipojenga mji wetu. Tukauweka juu ya ukuta kama ule, lakini ndani ya bahari, miaka mia mbili mbele. Paluku ndiye alisimulia. Mimi nilikuwa mtu wa meno, maana sikutaka kazi nisiyoijua. Asumani alikuwa mwizi wa taa. Mama Katungu, mjane aliyechambua kahawa yetu, naye Mukongomani, alikuwa mganga wa mji, na alitibu watu kwa ukali uleule aliokaripia nao watu wa Bwera.

Kuamua tulirusha punje tano za kahawa kwenye ungo. Punje ina tumbo lenye mstari na ina mgongo. Matumbo matatu yakiangalia juu, umeweza. Pungufu, umeshindwa. Asumani alilowesha punje zake kwa mate ili zilale anavyotaka, tukamfanya arushe kwa mkono wa kushoto mwezi mzima.

Lakini kanuni kubwa ya Paluku ilikuwa nyingine, na hii ninyi hamna. Kabla ya kurusha ni lazima useme mikono yako inashika nini na miguu yako imesimama wapi. Hukuruhusiwa kusema natengeneza mashine. Ulisema: nimesimama kwenye ubao wa kushoto, nimeshika spana, nalegeza nati ya juu kwanza. Ukikosea kifaa, hurushi kabisa. Nilijifunza majina ya vyuma vya kinu kwa njia hiyo zaidi kuliko miaka miwili ya kutumwa.

Na mji ule ulikuwa mji. Bahari ikipanda, upande wa mashariki una taa na upande wa magharibi unasubiri. Ikishuka, wanabadilishana. Na kila mara kabla ya kugeuka, maji yanasimama. Hayaendi huku wala huku. Hapo mji mzima unazimika, mara nne kwa siku, na kila mtu anajua saa yake. Asumani aliiba saa hizo. Wapenzi walitoroka saa hizo. Mganga alikataa kupasua mtu saa hizo. Chumvi ilikula kila chuma, kwa hiyo kulikuwa na ukoo mzima wa kusugua kutu, na haukuozeshana na watu wa taa. Konokono wa baharini waliganda kwenye mashine mpaka zikaziba, na kulikuwa na wapiga mbizi wa kuwabandua, watu matajiri wenye kiburi, kwa sababu bila wao hakuna anayeona. Wekeni hayo kwenye daftari lenu. Mashine ya maji siku zote ina mtu aliye chini yake amelowa, na huyo ndiye mwenye hadithi.

Wakati sisi tunacheza, kinu chenyewe kilikuwa kinakufa.

Tatizo letu halikuwa kiangazi. Kiangazi tulikizoea. Tatizo lilikuwa masika. Mvua ikipiga mlimani, Lhubiriha inakuja nyekundu na kelele, na badala ya gurudumu kupata nguvu, linachoka. Linazunguka kama mzee anapanda ngazi, halafu linasimama. Maji tele, kazi hakuna. Wakulima wanafika na magunia mgongoni, wanatukuta tumekaa. Kila mara tulikimbia juu kwenye meno, na kila mara tulikuta majani yameziba. Tukayavuta saa tatu, saa nne. Tukimaliza, gurudumu linazunguka. Basi tukasema ni majani. Miaka yote tulisema ni majani, na mimi nilisema kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu na ilinipa ukubwa.

Masika ya mwisho tulisimama siku nyingi mno, wakulima wakapeleka kahawa kwa wengine. Haji akatuita. Alisema ameagiza injini ya dizeli Kampala, itafika masika yakianza, gurudumu litauzwa vyuma. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayebadilisha viatu. Asumani lori lake lipo. Sisi watu wa maji turudi makwetu. Paluku alitazama chini. Kwao hakukuwa na kurudi bado, na kwangu kulikuwa majivu.

Tuliendelea kucheza, maana bwawa bado lilihitaji kujaa. Na siku moja Paluku, sijui kwa makusudi au kwa huzuni, akaweka ndani ya mchezo shida yetu wenyewe. Bahari imepanda sana, akasema, na mashine ya ukutani inachoka. Mimi nikaruka. Nimesimama kwenye meno, nina reki, navuta. Nikarusha: matumbo manne. Paluku akasema meno ni safi, na mashine bado imechoka. Nikavuta tena. Matumbo matano. Meno yanang'aa, akasema, na mashine imesimama. Nikamwambia anacheza vibaya, haiwezekani mtu ashinde mara mbili na ashindwe.

Mama Katungu alikuwa anachambua kahawa bila kuinua kichwa.

"Baba Paluku, hii maji ikishapita mu mashine, iko inaenda wapi?"

"Inaenda mu bahari."

"Na bahari iko napanda?"

"Iko napanda."

"Basi inaenda wapi?"

Paluku alisimama, akaenda kwenye sakafu, akaanza kung'oa mbao juu ya shimo la gurudumu. Tukateremka na taa ya mkono. Ilikuwa kiangazi, shimo kavu isipokuwa matone. Kwenye ukuta wa mawe, kwa usawa wa kifua changu, kulikuwa na mstari wa tope, na juu ya mstari kumenata manyasi ya mtoni. Si manyasi ya mfereji wa juu. Yale nayajua, nimeyavuta miaka. Haya yaliingia kwa mlango wa chini.

Ndiyo hivyo. Mto ukijaa, unapanda kwenye mfereji wa kutokea na kuingia shimoni kwa nyuma, na gurudumu letu linakanyaga maji kama mtu anayetembea ziwani. Sisi tuko juu tunavuta majani. Mvua ikikatika, mto unashuka wenyewe, gurudumu linazunguka, nasi tunajipongeza na reki mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nasafisha mahali pasipo na ugonjwa. Mkitaka kujua mtu mwenye kiburi anajisikiaje, ni hapo.

Tulimweleza Haji. Aliuliza tumelisoma wapi. Hatukumwambia. Alisema injini inakuja palepale, lakini kama tunataka kuchezea shimo kwa nguvu zetu wenyewe, hatuzuii.

Sasa sikilizeni kosa langu, kubwa kuliko mawese. Mimi nilisema dawa ni rahisi: tufunge mlango wa chini. Nikatengeneza mlango wa mbao nzito, bawaba juu, kingo zimefungwa mpira wa tairi la lori. Maji ya mto yakisukuma, unajibana. Kazi nzuri, mpaka leo sioni kasoro ya mlango wenyewe. Paluku aliuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema nimefikiri. Hata punje sikurusha, na mikono sikuisema.

Mvua ya kwanza ya Machi ikaja, ndogo, mto ukapanda kidogo. Mlango ukajibana vizuri ajabu. Nikafungua maji ya juu kwa majigambo. Gurudumu likazunguka. Likazunguka. Halafu nikasikia sakafu inalia chini ya miguu, na maji yakachomoza katikati ya mbao, yakatembea kwenye ghala kama mgeni anayejua njia, yakalowesha magunia ya kahawa ya Haji yaliyokuwa chini. Nilikuwa nimezuia mto usiingie, na nimesahau kwamba maji ya gurudumu lenyewe yanataka kutoka.

Haji alikuja, akatazama magunia, akanitazama mimi.

"Masereka, zamani maji ilikuwa ya mto. Sasa weye umetuletea ya kwako."

Asumani aliongeza kwamba fundi amefunga choo na kusahau watu bado wanakula. Kwa wiki nzima soko la Bwera liliniita Bwana Choo. Tulianika ile kahawa upya, punje kwa punje, mimi na Mama Katungu, na yeye alikuwa na mengi ya kusema.

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimefunga blanketi. Paluku alinikalisha kwenye mawe ya mfereji akaniambia nicheze. Nikasema sichezi. Akasema basi usirushe, sema tu. Lakini safari hii wewe si mtu. Wewe ni maji. Sema unapita wapi.

Nikaona upuuzi, lakini nikasema. Natoka bwawani. Napita meno. Naanguka kwenye kikombe, nakisukuma, nashuka. Niko chini ya shimo. Naenda mlangoni. Mlangoni kuna mto mkubwa kuliko mimi, unanisukuma nirudi.

"Unatafuta nini sasa?"

"Natafuta mto ulio chini kuliko huu."

"Uko wapi?"

Sikujua. Aliyejua ni Mama Katungu, kwa sababu alifulia nguo mtoni na sisi wanaume hatufui. Hatua themanini chini ya kinu kuna miamba, mto unaruka pale kama ngazi, na chini ya miamba kuna jiwe lao la kufulia. Akatuambia hata mto ukijaa namna gani, ukafunika ukingo wa juu wote, jiwe lile linabaki kavu. Wanawake wanajua, ndipo wanapokimbilia. Mto uleule mmoja, kumbe una orofa.

Basi tukachimba. Mfereji wa kutokea haukuishia tena nyuma ya kinu. Tuliuvuta kando ya ukingo, hatua themanini, mpaka chini ya miamba. Mlango wangu nao tukauacha kwenye ule mdomo wa zamani unaoingia mtoni, ubaki umefungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Tulichimba wiki tano, mimi, Paluku na wakulima watatu waliochoka kubeba magunia mbali. Asumani alikuja kila jioni akishaegesha lori, akalalamika toka sururu ya kwanza hadi ya mwisho, na hakukosa hata siku moja.

Chukueni na ujuzi huu, hautawaharibia kitu. Mtu asiye na vipimo anachimba mfereji hivi: unamwaga ndoo ya maji kila hatua kumi na kuyaacha yakuambie. Yakisimama, chimba. Yakirudi, umekosea, usibishane nayo. Yakienda polepole kama ng'ombe anayetoka malishoni, hapo ni sawa. Yakikimbia, yatakula ukingo wako. Nimeona mainjinia wenye miwani, na vyuma vyao vya kupimia vya miguu mitatu, wakifika jibu lilelile saa sita baadaye.

Tulipofika miamba, Asumani alitumwa Kampala kuchukua injini. Hatukumsema. Ilikuwa kazi yake. Yeye mwenyewe hakuaga, alipiga honi mara moja tu akaenda.

Masika yalikuja Aprili. Siku hiyo mlima ulifichwa na wingu tangu asubuhi, na kufika saa nane Lhubiriha ilikuwa nyekundu, inabeba migomba mizima. Wakulima walikuwa wamejaa ghalani. Mashine ya kukoboa ilikuwa inaunguruma. Nilijua muda wake wa kuchoka. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi mno. Miguu yangu ilitaka kukimbia kwenye meno, kwa mazoea tu. Nikaizuia. Nikateremka chini kwenye mdomo wa zamani, nikasimama karibu na mlango.

Mto ulipanda. Ukafika kwenye mbao, ukafunika bawaba, mlango ukakaza mpira wake na kunyamaza. Paluku alikuwa kwenye miamba chini, akainua mkono: maji ya gurudumu yanatoka, safi, yanaanguka pembeni ya jiwe la kufulia. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa shimo. Ulikuwa unatetemeka sawasawa, pigo kwa pigo. Juu yangu mashine haikushusha sauti.

Lori likafika katikati ya mvua hiyo. Haji alikuwa mbele na Asumani, na nyuma, chini ya turubai, injini. Haji alishuka na mwavuli. Alisimama mlangoni mwa ghala, akasikiliza. Watu wakampisha. Akaenda nyuma kuutazama mto, akauona uko juu ya mdomo wa zamani kwa urefu wa mkono. Akarudi akauliza saa ngapi gurudumu lilisimama. Mama Katungu akamjibu bila kuacha kuchambua kwamba halijasimama. Akauliza tena, kama hakusikia. Akajibiwa vilevile. Akatoka tena mvuani, mwavuli ameusahau.

"Asumani, usishushe."

Basi. Siku hiyo hakuniita fundi. Injini ilipelekwa kwenye ghala lake la Kasese, na kesho yake nilipofika kazini nilikuta kitita cha funguo za kinu kimewekwa juu ya kisanduku changu cha vifaa.

Mlioishi miaka ya sabini mnajua yaliyofuata, na msioishi waulizeni wazazi. Wahindi waliondoka, vipuri vikaondoka nao, dizeli ikawa kitu cha kunong'oneza. Injini zilisimama Kasese nzima, na ile ya Haji ikawa meza ya kuwekea chai. Sisi tulikoboa. Watu walikuja na kahawa kutoka mbali hata Mweya, wafanyakazi wa mbuga walileta mahindi yao. Siku moja alikuja mwanajeshi na magunia, akataka apite mbele ya mstari. Nikamwambia, afande, gurudumu halioni cheo. Akashika mkanda wa bunduki yake. Nikamsagia kwanza. Kiburi changu kina mwisho wake, na mwisho wake ni pale bunduki inapoanza.

Paluku alirudi Butembo kwao kulipotulia, kwa miguu yake na si kwa lori la kambi. Mama Katungu alipewa mfereji wa chini awe mkuu wake, na kwa kweli alitutawala sote. Kahawa ilipopungua na Haji akazeeka, watoto wake waliamua kubomoa kinu. Niliwaomba gurudumu. Walicheka, wakasema chukua. Nililifungua kipande kwa kipande, nikalipandisha Nyakiyumbu, hapa shambani kwangu, kwa siku tisa.

Kwa hiyo, vijana, mji wenu wa baharini uko sawa kwa mawimbi. Bado hamjaniambia maji yakishapita mtayapeleka wapi, na ni nani anafulia nguo karibu na hapo. Mtafuteni huyo, mmuulize, kabla ya kurusha dadu.

Leo hii nina ekari nne za kahawa na moja ya migomba. Nina nyumba ya matofali vyumba vitano, bati jipya. Ng'ombe watatu. Mbuzi kumi na mmoja. Kijito kimoja kinachopita kwenye shamba langu. Na gurudumu moja la chuma lenye vikombe ishirini na nne, vyote vizima, ambalo hivi sasa ninapoandika linasaga mahindi ya jirani.